Gauni Ambalo Sikuliona

Gauni la harusi ambalo watu wa Homa Bay walisema limenakiliwa kutoka kwenye televisheni, mshono kwa mshono, halikutoka kwenye televisheni. Nililichora mimi, Jumamosi moja jioni, nimekalia ndoo iliyopinduliwa nje ya kibanda cha fundi mjini Migori, wanawake tisa wamenizunguka wanautazama mkono wangu. Sikuwa nimeona gauni lolote. Nilikuwa nimeona mlango.

Inabidi nirudi nyuma kidogo.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nasubiri matokeo, na mama yangu, ambaye hakupenda kuona mtu amekaa bure, alinipeleka kwa fundi wa nguo nikajifunze kushona. Fundi alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ndogo. Alizaliwa Karungu, kando ya ziwa, akaolewa Migori, kwa hiyo soko zima lilimwita nyar Karungu, yaani binti wa Karungu, na hata mchungaji wake alimwita hivyo hivyo. Alikuwa Msabato kamili. Sisi nyumbani tulikuwa Wakatoliki. Tofauti hiyo haikumsumbua mtu yeyote mpaka ile tamthilia ilipoanza.

Ilihusu familia moja tajiri sana ya nchi za mbali. Walikuwa na hoteli, farasi, na nyumba yenye ngazi pana kiasi kwamba watu wawili waliweza kugombana wakiwa juu na wengine wawili wakagombana chini bila kuingiliana. Hakuna aliyesema neno zito kabla ya kujimiminia kinywaji kwenye glasi. Walivaa vizuri kila siku, hata siku ambazo hawakuwa na pa kwenda. Walikaa mezani penye chakula na hawakula, wakatupiana maneno wakainuka, chakula kikabaki. Hilo liliwaumiza wateja wa nyar Karungu kuliko ugomvi wenyewe.

"Kile chakula kinaenda wapi?" muuza mboga wa kibanda cha jirani aliniuliza kila wiki, kana kwamba mimi ndiye mpishi wao.

Kiini cha hadithi kilikuwa hiki. Mzee mwenye hoteli alikuwa na wana wawili. Mkubwa alikufa, akaacha mjane mrembo. Mdogo akataka kumwoa mjane wa kaka yake. Basi nyumba nzima ikachafuka. Mama mkwe alizimia kwenye ngazi, akazinduka, akaelezwa tena, akazimia tena. Mawakili waliitwa. Magazeti yaliandika. Nami nilipofika hapo kwenye kusimulia, wanawake walinyamaza wakisubiri nitaje kosa.

"Halafu?" akauliza muuza mboga.

"Ndiyo hivyo. Anataka kumwoa shemeji yake."

"Nimesikia. Sasa kosa liko wapi? Mume amekufa, ndugu yake yupo. Walitaka mama wa watu aende wapi?"

"Kanisa limekataza kurithi wajane," nyar Karungu akasema bila kuinua macho kutoka kwenye mashine.

"Kanisa lako. La kwao unalijua wewe?"

Wakabishana mpaka usiku, wakakubaliana kwamba mama mkwe yule hakuwa na shida na ndoa. Alikuwa hajaletewa kitu mkononi.

Tatizo la nyar Karungu lilikuwa siku. Tamthilia ilionyeshwa Ijumaa saa moja u nusu jioni, na Ijumaa jua likishazama, Sabato imeingia. Kufika saa kumi na moja alikuwa ameshafunika mashine kwa kitambaa cha maua, amefagia, amejifungia na familia yake kwa nyimbo. Kutazama lilikuwa jambo lisilofikirika. Lakini kusimuliwa, baada ya Sabato kwisha, na mtu wa dhehebu lingine ambaye angetazama kwa vyovyote vile, hilo alilitafakari wiki mbili akaona halina ubaya. Ndivyo nilivyopata kazi ambayo mama yangu hakuniombea.

Nilitazama nyumbani kwa mjomba wangu, aliyekuwa na kinu cha kusaga unga, televisheni ndogo isiyo ya rangi, na betri ya gari ya kuiwasha. Nilikwenda na daftari. Nililigawa kwa mistari: nani yuko, wako wapi, wamevaa nini, wamesema nini. Sehemu ya mavazi niliipa nafasi kubwa, maana ndiyo fundi aliyoitaka zaidi. Kwa vile televisheni ilikuwa nyeusi na nyeupe, rangi niliziamua mwenyewe. Nilianza kwa woga, kijivu hapa na samawati kule. Mwezi wa pili mke wa pili wa mwenye hoteli alikuwa tayari anavaa zambarau.

Siku ya Jumamosi ndiyo ilikuwa ngumu kwa nyar Karungu. Alitoka kanisani na Biblia kwapani, akapita mbele ya nyumba yetu polepole, wakati njia yake ya kawaida haikupita hapo.

"Hamjambo?"

"Hatujambo, mama."

"Wote wazima?"

"Wazima."

"Nauliza wote. Hata wale wengine."

"Mzee wa hoteli yuko hospitali."

"Sijakuuliza kitu kama hicho," akasema, akaenda zake akiharakisha.

Jioni tulikusanyika nje ya kibanda. Wasabato walikuwa sita, Wakatoliki wawili ambao walikuwa wametazama lakini walitaka kuhakikisha, na muuza mboga, ambaye sikuwahi kujua anasali wapi. Nyar Karungu aliangalia upande wa magharibi.

"Limezama?"

"Limebaki kipande," mtu akajibu.

"Basi anza polepole."

Hivyo ndivyo tulivyoishi, kwa furaha, mpaka ilipotangazwa kwamba mjane ataolewa.

Wiki zile zile, muumini mmoja wa kanisa la nyar Karungu alikuwa anamwoza binti yake Homa Bay. Binti alikuwa anasomea ualimu, alikaa bweni lenye televisheni, na alikuwa na ombi moja tu: ashonewe gauni atakalovaa bibi harusi wa kwenye tamthilia. Mama yake alinunua kitambaa Kisumu, kizito, cheupe cha maziwa, akakileta Migori kikiwa kimefungwa kwenye shuka ili kisishikwe na vumbi. Lakini alikileta kwa masharti. Huko Oyugis kulikuwa na fundi mwanamume mwenye mashine mbili, na jirani yake alikuwa na televisheni ya rangi, na Ijumaa jioni hakuwa na lolote la kumzuia.

"Nyar Karungu, mimi nakupenda," mama wa binti alisema. "Lakini wewe siku hiyo utakuwa umefunga mlango. Yule wa Oyugis atakuwa amefungua macho."

"Macho yangu ndiyo haya hapa," nyar Karungu akajibu, akanigusa bega. "Akiona yeye, nimeona."

Hilo lilisemwa mbele ya watu. Sokoni Migori hapakuwa na mkataba mkubwa kuliko huo. Kama angeshindwa, kitambaa kingepanda gari kwenda Oyugis, na kila bibi harusi baada ya hapo angekifuata. Alikuwa ameshona sare za shule kwa miaka kumi na minane. Gauni hili ndilo lingemtoa huko, na kila mmoja wetu alijua.

Ijumaa yenyewe nilifika kwa mjomba saa kumi na mbili, nikakaa mbele. Nyumba ilijaa. Nilichokuwa sijui ni kwamba katikati ya wiki mjomba alikuwa ameiazimisha betri matangani, ikaendesha kipaza sauti siku mbili, ikarudi imechoka kuliko waombolezaji. Hakumwambia mtu. Alitumaini tu.

Harusi ilianza vizuri. Kanisa lilijaa maua. Niliandika kofia kumi na moja. Mama mkwe aliingia akiwa ameshikwa pande zote mbili, tayari kuzimia. Kisha picha ikaanza kupungua pembeni. Kwanza maua yakapotea, halafu watu wa viti vya mwisho, halafu mabega ya padri. Mjomba aliigonga televisheni kwa kiganja, akaigonga tena kwa heshima zaidi. Kinanda kikapigwa, kwa sauti ya mbu. Mlango mkubwa wa kanisa ukafunguliwa, watu wote waliobaki kwenye kioo wakageuza shingo kumtazama bibi harusi, na picha ikajikunja ikawa nukta moja, nukta ikazimika.

Kanisa zima lilimwona isipokuwa sisi.

Niliandika kilichotokea, kwa sababu nilikuwa nimezoea kuandika kilichotokea. Nikaenda nyumbani.

Kesho yake nilikuwa nimeshaamua kusema kweli. Nilipofika kibandani, mama wa binti alikuwa amekuja na shuka lake lenye kitambaa, amelipakata. Nyar Karungu alikuwa amechonga penseli mbili na kunitandikia karatasi ya kukatia nguo juu ya meza. Jua lilipozama hakusema nianze polepole. Alinipa penseli tu. Nilimtazama yule mama, nikaona vidole vyake vimeshika fundo la shuka kama mtu ambaye gari lake la Oyugis liko tayari.

Nikachora.

Nilichora gauni ambalo kitambaa kile kingetosha, kwa kuwa nilikuwa nimekipima mwenyewe. Nilichora mikono mirefu hadi kwenye kifundo cha mkono, maana nilijua wazee wa kanisa wa kule wangemrudisha nyumbani bibi harusi mwenye mabega wazi. Niliifunika shingo. Mkia niliufanya mfupi, kwa ajili ya vumbi la Homa Bay. Kiunoni niliweka mikunjo ambayo nyar Karungu aliipenda na kuiweza kuliko mtu yeyote.

Alilitazama muda mrefu.

"Mikono mirefu hivi?"

"Hivyo hivyo, mama."

"Na wao ni matajiri vile." Akatikisa kichwa, uso umemng'aa. "Mnaona? Hata kule wenye akili wanajisitiri."

Aliposhona, alishona kama mtu aliyepewa habari njema. Sijawahi kuona kazi safi kama ile. Alisimamisha sare zote. Aliimba. Alimwambia mchungaji kuhusu ile mikono, na mchungaji akamwuliza maswali mawili matatu, akatabasamu. Mimi nilishona pindo na kula chakula chake, na kila alipotangaza mbele ya wateja kwamba msichana huyu ana macho, niliinama kutafuta sindano ambayo haikuanguka.

Harusi ilikuwa Jumapili. Tulilala Homa Bay kwa shangazi wa bibi harusi, asubuhi tukaanza kumvalisha. Nilikuwa nimebeba daftari langu ili niandike harusi ya kweli kwa mara ya kwanza. Nyar Karungu alikuwa amepiga magoti, pini mdomoni, anarekebisha kiuno, wakati nyanya wa bwana harusi alipoingia na mkongojo, nyuma yake mwanamke mmoja mwalimu. Kwa Kijaluo nyanya huitwa dani, na wote tukamwita hivyo. Alikaa kwenye kiti cha mlangoni bila kukaribishwa.

"Hilo gauni ni la nani?"

"La bibi harusi, dani," shangazi akasema.

"Nauliza nani alilivaa kwanza."

"Ni jipya. Halijavaliwa na mtu."

"Wajukuu wangu wananisimulia yale mambo yenu ya televisheni. Wanasema gauni hili ni la yule mama aliyefiwa na mume, akachukuliwa na shemeji." Akauweka mkongojo magotini. "Mjukuu wangu yuko hai. Yuko hapo nje, anapigwa picha. Kwa nini mnamvalishia mke nguo ya mjane?"

Hakuna aliyecheka. Miezi yote ile tulikuwa tumesahau kabisa kwamba bibi harusi wetu wa televisheni alikuwa mjane. Tulikuwa tumejadili chakula chake, mama mkwe wake, farasi wake. Msichana kuingia kwenye ndoa na vazi la mjane ni jambo ambalo kwetu hata mtoto angelikataa, na sisi tulikuwa tumelishona kwa mikunjo.

"Sisi ni Wasabato, dani," shangazi akajaribu. "Mambo ya chira hatuyaamini." Chira ni ile laana ya kukonda na kuisha inayomfuata aliyevunja mwiko.

"Hata mimi nilibatizwa," dani akajibu. "Siyaamini. Ila siyachokozi."

Bibi harusi akaanza kufungua kifungo cha shingo. Alisema kwa utulivu wa kutisha kwamba sare yake ya kwaya iko kwenye sanduku. Mama yake akaketi kitandani. Nyar Karungu hakuinuka. Alibaki amepiga magoti, mikono yote miwili imeshika kiuno cha gauni, kana kwamba akiachia litaondoka lenyewe.

"Dani," nikasema, "gauni hili halikutoka kwenye televisheni."

Niliamini hayo yangetosha. Hayakutosha.

"Nyamaza, wewe," shangazi akasema.

"Mimi nililiona," akasema msimamizi wa bibi harusi, mwenyeji wa Homa Bay. "Ndilo hilo."

"Hata sisi bweni zima tuliliona," bibi harusi akasema, sasa analia. "Nilikuwa nyuma kabisa, lakini niliona weupe wake."

Ndipo nikatoa daftari. Dani akataka lisomwe na mtu wa upande wake, likapewa yule mwalimu. Alikuwa na sauti ya darasani, kila neno na nafasi yake.

"'Ijumaa. Betri imezimika saa mbili na dakika tano. Mlango umefunguliwa, wote wamegeuka. Gauni sijaliona.'"

"Endelea."

"'Jumamosi. Nimechora la kwangu. Mungu anisamehe. Nyar Karungu asijue.'"

Nyar Karungu alianza kutoa pini mdomoni, moja moja, akizichomeka kwenye kitambaa cha mkononi. Zilikuwa nyingi. Tulisubiri ziishe.

"Kwa hiyo hakuna aliyelivaa," dani akasema.

"Hakuna, dani."

"Hata huko kwao."

"Hata huko."

"Limetoka kichwani mwa huyu." Alinitazama kuanzia viatu. "Umeolewa, wewe?"

"Bado."

"Hujafiwa na mume."

"Sijapata wa kufa, dani."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Ilinichukua muda kuelewa kwamba anacheka. Kisha mwalimu akacheka, kisha shangazi, kisha bibi harusi kupitia machozi, poda ikamshuka mashavuni ikabidi apakwe upya. "Mvalisheni," dani akasema, akajiinua. "Jua linapanda."

Gauni liliingia kanisani. Watu walisimama. Mchungaji wa nyar Karungu kutoka Migori, aliyealikwa kuhubiri, hakuwa chumbani wakati daftari likisomwa. Alipofika katikati ya mahubiri aliwaomba vijana wa kike waitazame ile mikono, akasema kwamba kama mabibi matajiri wa ughaibuni wanajua kujisitiri mbele ya madhabahu, sisi tuna kisingizio gani. Dani alikuwa kiti cha pili kutoka mbele. Aliinamisha kichwa, na leso yake ikaingia mdomoni. Shangazi alitoka nje kabisa. Mimi niliuma mdomo mpaka nikaonja damu, na kando yangu nyar Karungu alikaa wima, uso mbele, machozi yanamtiririka, na sikuweza kujua ni machozi ya nini.

Njiani kurudi, tulipovuka mto wa Migori, alinigeukia.

"Amelitaja madhabahuni," akasema.

"Nilisikia, mama."

"Nani atamwambia?"

"Sio mimi."

Akacheka kidogo. Hicho hakikuwa kicheko cha mtu aliyesamehe, wala cha aliyekataa kusamehe. Habari ilikuwa imeshatutangulia sokoni. Jumatatu muuza mboga aliuliza kama farasi nao niliwachora. Nyar Karungu alirudi kwenye sare za shule. Wiki moja, wiki ya pili, ya tatu, hakuna aliyeleta kitambaa cha harusi, na tulisikia kwamba Oyugis kulikuwa na foleni. Bado nilikwenda kwa mjomba kila Ijumaa, na bado alinisikiliza Jumamosi jua likizama, lakini nilipofika kwenye mavazi alisema, "Hayo ruka."

Wiki ya nne gari jeupe lilisimama mbele ya kibanda. Alishuka mke wa afisa mmoja wa serikali, anayeishi Homa Bay kwenye nyumba za wakubwa, mwanamke wa viatu virefu na manukato, kitu cha karibu zaidi na ile familia ya hoteli tulichowahi kuwa nacho. Mdogo wake, mwenye umbo kama lake, alikuwa anaolewa. Alitaka gauni lile.

"Lipi?" nyar Karungu akauliza.

"La tamthilia. Nimeambiwa wewe ndiye uliyelishona."

"Uliliona harusini?"

"Sikuwepo. Tulikuwa Nairobi mwezi mzima. Nililiona Ijumaa ile, kwa televisheni yangu, ya rangi." Akaanza kuonyesha kwa mikono juu ya mwili wake mwenyewe: shingo iliyofunikwa, mikono mirefu hadi kwenye kifundo cha mkono, mkia mfupi. "Na hapa kiunoni, mikunjo. Nilimwambia mume wangu, ona, hata mikono haikuachwa wazi."

Nyar Karungu alinigeukia. Nilitikisa kichwa. Sikujua nakataa nini.

"Una hakika, mama?" akamwuliza mgeni.

"Nina macho," yule mama akasema.

Nyar Karungu akachukua futi, akaanza kumpima. Huenda kuna mtu alimwelezea kabla hajafika kwetu. Huenda hakuna. Tangu siku hiyo nimewauliza wote ninaowajua waliokuwa na televisheni Ijumaa ile, na waliokumbuka wamenipa majibu yasiyolingana. Kituo hakikukirudia kipindi kile.